Shangazi, Savannah ya mume wangu ni makontena tu

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Bagamoyo, na sasa ni mwaka wa 7 tunaishi Atlanta na mume wangu. Nakuandikia nikiwa zamu ya usiku, bibi ninayemhudumia amelala. Jambo hili limenikaa rohoni wiki ya tatu na sina wa kumwambia, maana wanawake wenzangu wa hapa wote tunacheza mchezo wa kupeana fedha kwa zamu pamoja, na mchezo wenyewe umo ndani ya haya ninayokueleza.

Mwezi wa 11 tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Fungate hatukupata. Tulifunga nikahi Ijumaa, Jumatatu mwenzangu akarudi kazini Dar, na tangu hapo ni watoto, viza, safari, kazi. Yeye anaendesha lori la makontena, mimi nakesha na wazee. Akiingia ndani, mimi nafunga viatu. Kuna wiki tunaonana mlangoni tu, ananipa funguo za gari, nampa mtoto. Hatugombani, Shangazi. Ni mume mwema, hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja. Ila tumekuwa kama watu wawili wanaopokezana zamu.

Ndipo nikamwambia twende Savannah, mji wa bandari, siku mbili, sisi wawili, watoto tuwaache kwa wifi yangu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mke wangu, mimi jana tu nimetoka Savannah. Kuna nini kule zaidi ya makontena?"

Na kwake ni kweli. Huko ndiko anakokwenda mara mbili tatu kwa wiki, kama kilomita 400 kutoka hapa, barabara imenyooka na misonobari huku na huku mpaka macho yachoke. Anafika bandarini Garden City, anapanga foleni, anafungiwa kontena, anageuza. Mji wa kale uko maili chache tu kuteremka mto, lakini hajawahi kuukanyaga.

Mimi nimeukanyaga. Mwaka jana nilimpeleka huyu bibi kwenye mazishi ya ndugu yake, maana Savannah ndiko kwao. Baada ya mazishi akasema hataondoka kabla hajanionyesha mji. Tukaenda polepole, mkono wake begani kwangu, tukivuka viwanja vyenye miti mikubwa ambayo matawi yake yanakutana juu, na nyuzi za kijivu zinaning'inia kama ndevu za mzee. Viwanja hivyo viko 22, vimepangwa kwa ramani ya tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1733. Bibi akaniambia nyumba zile za zamani zimebaki kwa sababu jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini, katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, alipoingia Desemba 1864 hakuuchoma mji, akampelekea Rais Lincoln simu ya maandishi kwamba anampa Savannah kuwa zawadi ya Krismasi.

Alinionyesha na mengine. Alinipeleka First African Baptist, kanisa la watu weusi lililokamilika mwaka 1859, sakafu ya chini ina matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio, na waumini wanasimulia kwamba waliotoroka utumwa walifichwa chini yake wakivutia pumzi humo. Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, watu zaidi ya 400 waliuzwa kwa siku mbili kwenye kiwanja cha mbio za farasi nje ya mji. Mimi mtu wa Bagamoyo niliyasikia hayo nikanyamaza. Lakini Shangazi, kwetu pia tunaoana na ngoma zinalia hatua chache kutoka Caravanserai, palipofikia misafara ya watumwa, wala hatujasahau. Kwa hiyo mtu asinishauri nisiende kwa sababu hiyo. Kule mtoni kuna sanamu ya baba, mama na watoto wawili wamekumbatiana, minyororo imekatika miguuni pao. Hapo ndipo ninapotaka kusimama na mume wangu.

Sasa nikueleze kilichonipa wazo. Tuliteremka mpaka River Street, barabara yake imetandikwa mawe yaliyokuja na meli za zamani yakiwa farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, kama mawe ya majahazi yetu. Nikamkalisha bibi kwenye benchi. Mara benchi likaanza kutetemeka kidogo, na watu wakageuka. Meli ya makontena ikapita mbele yetu, karibu kiasi kwamba niliona baharia mmoja anakunywa kitu kwenye kikombe cheupe. Ilikuwa ndefu, haiishi, imeziba ng'ambo yote ya mto. Nikayatazama yale makontena mekundu na ya bluu, nikawaza kwamba moja kati ya haya litamfikia mume wangu. Atalivuta usiku kucha, na mimi hapa nimelipungia mkono. Nililia, bibi akanipa leso bila kuniuliza.

Upande ule pia kuna sanamu ya Florence Martus, dada aliyepungia kila meli iliyopita tangu 1887 mpaka 1931, mchana kwa kitambaa, usiku kwa taa. Watu husimulia kwamba alikuwa anamsubiri mpenzi wake. Sijui kwa nini yule dada hajanitoka kichwani.

Sasa kosa langu. Mwezi uliopita zamu yangu ya mchezo ilifika. Nyumba yetu ya Kiromo imesimama kwenye lenta, na tulikubaliana kwamba fedha hiyo ni ya kupaua. Mimi nikatoa dola 460, nikalipia chumba usiku mbili kwenye hoteli ndogo karibu na mto, malipo yasiyorudishwa. Mume wangu alipouliza mbona fedha imepungua, nikamwambia kijumbe, anayekusanya fedha za mchezo, amenibakizia. Ulimi uliteleza tu, lakini nimelisema, na nimemsingizia mwanamke mwaminifu ambaye hajawahi kula hata senti ya mtu.

Juzi mume wangu kaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mwisho wa mwezi atampigia kijumbe mwenyewe, "ili usione haya kumdai." Tangu siku ile silali vizuri.

Nimejaribu kuanza mazungumzo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ametoka safari, kasinzia na kijiko mkononi. Mara ya pili fundi alipiga simu kutoka nyumbani kuulizia mabati, nikaufyata.

Naomba unishauri kama mama yangu angekuwa hai. Nimweleze yote kabla kijumbe hajapigiwa simu, nikijua anaweza kusema chumba kipotee na fedha irudishwe kwa ovataimu zangu? Au nianze kwa kijumbe, nimwombe radhi na nimsihi anisitiri mpaka turudi? Hilo la pili naliona kama kuongeza uongo juu ya uongo, lakini naogopa nikimwambia sasa, Savannah itakuwa jina la kosa langu, na hatutakwenda tena kamwe.

Kuna feri ndogo ya bure pale inayovuka mto. Tulipokuwa wachumba hatukuwa na fedha ya kwenda popote, tulikuwa tunapanda pantoni ya Kigamboni, tunavuka na kurudi, tunavuka na kurudi, ananishika mkono chini ya mkoba wangu watu wasione. Nataka nivuke naye tena hata mara moja. Nikimweleza hilo kwanza, kabla ya habari ya fedha, nitakuwa namlainisha kwa hila, au ndio ukweli wenyewe?

Mwisho wa mwezi zimebaki siku 11.

Ni mimi mwanao, Atlanta.