Uvimbe wa shangazi haukuwa seli za saratani peke yake

Mhariri,

Naandika juu ya vile magazeti yetu yanaeleza saratani, na lenu likiwemo. Kila mara ni hadithi ile ile, seli moja imeasi, ikazaana, ikajaa, basi. Hata mimi nilijua hivyo tu mpaka mwaka jana shangazi yangu aliponishika mkono hapa Kariobangi akaniwekelea vidole kwa titi lake akasema guza hapa, na chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu kama punje ya mahindi makavu, ukikisukuma hakisongi, na hakimuumi hata kidogo. Alikuwa amekaa nacho miezi mingi akisema ni kovu tu, juu zamani akinyonyesha alipata jipu pale pale.

Kinyama kikachukuliwa kikapimwa, ikapatikana ni saratani. Mimi nikamuuliza daktari, mbona iko ngumu hivyo? Jibu lake ndilo limenikalisha nikisoma usiku baada ya usiku, na ndilo nataka wasomaji wenu walipate. Ugumu ule kwa sehemu kubwa haufanywi na seli za saratani. Unafanywa na seli zetu za kawaida kabisa zinazoitwa faibroblasti, hizo ndizo mafundi wanaoshikilia nyama ya mwili, ukijikata ukimenya viazi ndizo zinakuja kufuma kolajeni, zile nyuzi za protini, mpaka kidonda kinafunga na kovu linabaki, halafu kazi ikiisha zinatulia, zingine zinakufa. Sasa saratani inazitumia ujumbe. Inatoa protini kama TGF-beta, ile ile mwili unatumia kuita mafundi kwa kidonda, na faibroblasti zikiipata zinabadilika, zinaanza kujikaza kama msuli na kufuma kolajeni bila kupumzika, tena zinajibu! Zinatoa protini za kukuza ambazo seli ya saratani inapokea na kuendelea kugawanyika, zingine za kuita mishipa mipya ya damu, na vimeng'enya vya kukata nyuzi ili njia ifunguke. Hata ugumu wenyewe ni ujumbe, juu seli ya saratani huhisi pale imeshikilia, na pakiwa pagumu inachochewa kukua na kupenya zaidi.

Mwaka 1986 daktari mmoja wa Boston, Harold Dvorak, aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona. Nilipomwambia shangazi hayo alinyamaza, akasema, kumbe nikisema ni kovu sikuwa mbali. Na kweli hakuwa mbali, shida ilikuwa ile miezi ya kungoja.

Kuna majirani wawili kwa ploti walimkataza kukatwa kile kinyama, ati saratani ikiguzwa na kisu inakasirika inasambaa. Sitawaficha kitu wasomaji. Miaka ya 1980 mtafiti Mina Bissell na wenzake huko California walidunga vifaranga kirusi kinacholeta saratani kwa kuku, kwa bawa moja, uvimbe ukatokea pale walipodunga, na walipojeruhi bawa la upande ule mwingine ukatokea pia kwa jeraha. Zile ishara za kidonda kupona ndizo zilikipa kirusi nafasi. Lakini huyo ni kuku aliyejazwa kirusi cha kuku, sio mama aliyetolewa kinyama kidogo na sindano, na bila hicho kinyama daktari hawezi kujua ni saratani aina gani wala ampe dawa ipi. Tafadhali msiache hayo maneno ya kisu yaendelee kutembea bila kujibiwa.

Na mtu asiseme basi hizo faibroblasti ziuawe yaishe. Mwaka 2014 makundi mawili ya watafiti Marekani yalizipunguza kwa panya wenye saratani ya kongosho, na wale panya wakazidiwa wakafa haraka zaidi, kumaanisha kuna zingine kati yao zilikuwa zinaizuia. Hapo ndipo nilielewa kwa nini madaktari wanatafuta kwanza kujua ni ujumbe gani wa kukata na ni gani wa kuacha.

Ombi langu, mkiandika tena mtafute picha ya uvimbe chini ya darubini, watu waone zile nyuzi zimezunguka seli. Na muandike kwa herufi kubwa kwamba uvimbe mgumu usiosonga upelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, hata kama hauumi. Shangazi alimaliza kemo ya nne Jumanne, na yeye ndiye amenituma niandike, juu kwa foleni siku hiyo alikaa na mama mmoja ambaye uvimbe wake ako nao tangu mwaka juzi, na alikuwa anaambia watu ni kovu la jipu.

Msomaji wenu,
Kariobangi South, Nairobi