Kona ya kichuguu

Bukavu, tarehe 2 Machi

Ndugu yangu Kalenga,

Jambo sana. Huku mvua na matope tu, nyumbani wote wazima, na Mama Nsimire anauliza kile kitenge kimekwama wapi. Karatasi zako za vipimo vya lile jaribio la mbolea kwenye mahindi Ilunga amezifikisha. Nakuandikia mbio mbio, maana mahindi hayatatungoja.

Unasema mbolea imefanya kazi vizuri kwa kuwa umegawa mavuno unayoyatarajia kwa idadi ya mifuko. Aa, hapana. Mfuko si kirutubisho. Kilo 100 za NPK 17-17-17, ile mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, zina kilo 17 za naitrojeni, basi. Hata kwenye fosforasi usiandike 17, kwa sababu hiyo ni P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni yake: zidisha kwa 0.436, utabaki na kilo 7.4. Tena ukigawa mavuno yote, unaipa mbolea sifa ya magunia ambayo udongo ungeyatoa wenyewe. Tuseme palipowekwa kilo 60 za naitrojeni kwa hekta pametoa kilo 3,100 za nafaka, na pasipowekwa kitu pametoa 1,900. Tofauti ni 1,200. Gawa kwa 60: kila kilo ya naitrojeni imeleta kilo 20. Kwa hesabu yako ungepata karibu 52, ukaita watu washangilie.

Sasa hapo "pasipowekwa kitu" ndipo ninapokosa usingizi. Kwenye mchoro wako ni ile kona mbolea ilipoishia, nayo imeegemea kichuguu! Wewe mtoto wa Katanga, si ndio huo udongo watu wanauchimba wakautawanye mashambani? Una kalsiamu na potasiamu kuliko shamba lenyewe, na asidi yake ni ndogo. Mahindi ya hapo yanaweza kunenepa bila mbolea, halafu hesabu itasema mbolea haina kazi. Afadhali uandike wazi kwamba kipande cha sifuri, kile kisichowekwa mbolea makusudi, hukuwa nacho. Msimu ujao kila rudio, yaani kila kundi la vipande linalorudia jaribio zima, liwe na sifuri yake, na mahali pake papigiwe kura.

Urefu nao, nimecheka. Mahindi yako yamefupika kati ya wiki ya 8 na ya 9! Bila shaka mmoja alipima hadi ncha ya jani lililosimama juu, mwenzake akapima hadi chini ya mbelewele. Kwa kuwa mbelewele zimeshatoka, pimeni wote kutoka udongoni hadi pale shina linapoishia na mbelewele kuanza, mimea ileile iliyofungwa kamba. Idadi ya majani sasa iacheni, ya chini yameshaoza. Jani la 5 na la 10 hupakwa rangi mapema ili hesabu isipotee. Eneo la jani bado mnaweza: urefu mara upana wa pale lilipo pana zaidi, mara 0.75.

Siku ya kuvuna, mistari ya pembeni isiingie kwenye mizani, inapata jua na nafasi zaidi. Unyevu wa nafaka upimwe siku hiyohiyo. Kilo 8 zenye unyevu wa asilimia 22, ukizileta kwenye 14, ni 8 × 78 ÷ 86 (ndizo asilimia zinazobaki ukitoa 22 na 14 kwenye 100), yaani 7.26, ukiruka hatua hii, kipande kilichochelewa kukomaa kitashinda kwa maji. Mabua pia pima, chukua sampuli, ikatekate, ikauke kwa nyuzi 70 hadi mizani isome namba ileile mara mbili. Wala usiniletee habari za kukausha juu ya mbabula, jiko la makaa, hiyo ni kuchoma.

Lakini turudi kwenye kichuguu: kiko mita ngapi kutoka mstari wa mwisho? Hakuna kipande kingine kilichorukwa, hata kidogo, katikati ya shamba? Yule Mzee wa Kasapa bado ana kipima unyevu, na atakubali kukiazima? Mizani yenu inasoma gramu ngapi kwa chini? Na niambie kweli, ndugu: watoto wameshachoma mahindi mabichi mangapi kutoka mistari ya katikati, na kuna mtu aliyeyaandika?

Wako,
Murhula