Mama amehamia kwa "Mtumishi", sasa anamfungisha mpaka mjukuu. Nifanyeje?

Shikamoo Anti, na wasomaji wengine wote habari zenu. Mimi ni kijana wa kiume nipo Lindi mjini, nina kibanda cha uwakala wa pesa, nyumbani ni Nachingwea na mama yangu mzazi bado yupo kule na mikorosho yake na ufuta. Naomba sana msinijibu kwa kejeli maana kwenye hii ishu kejeli nishazisikia za kutosha.

Mama alikuwa muumini wa kawaida tu wa kanisa letu la miaka yote. Dada yangu akafariki akaacha mtoto wa kike, basi mama akawa halali, usiku anakaa barazani mpaka kunakucha. Hapo ndo wakaja hawa watu. Ni kikundi kidogo wanasalia uani kwa mtu mmoja wanamwita Mtumishi, hakuna kibao wala usajili, ukiuliza unaambiwa majina yao yameandikwa mbinguni yanatosha. Na haki yao niwape, walilala na mama msibani, wakampalilia shamba lote, wakati wale wa kanisa letu walikuja siku ya kuzika wakala wakaondoka. Mama sasa hivi analala, anatwanga huku anaimba. Kwaiyo mtu akiniambia "wamemroga" namuona hajui anachoongea.

Ila mambo yameanza kugeuka. Mama ana presha, anatakiwa ameze dawa kila siku. Nilivyoenda Pasaka nikasogeza debe la mbaazi natafuta kiberiti, nyuma yake nikakuta vidonge vyake vya hospitali, vile vimfuko vidogo vimeandikwa 1x1 kwa kalamu, vyote vimejaa hajagusa hata kimoja, na pembeni chupa ya maji ya lita moja na nusu imefungwa kitambaa cheupe. Namuuliza ananijibu taratibu kabisa, "mwanangu anayekunywa haya hahitaji hayo." Mjomba akacheka akasema watu wa kusini na maji hatukomi, anamsema Kinjikitile wa Ngarambe mwaka 1905 na yale maji ya kugeuza risasi za Mjerumani. Mimi sikucheka, wale wa Majimaji angalau walikuwa na Mjerumani kweli mbele yao, mama yangu ana presha tu ambayo dawa yake ipo nyuma ya debe.

Pesa sitaki kuongea sana, ufuta ukiuzwa mnadani anatoa fungu na ni jasho lake. Ila juzi mteja hapa kibandani kanipa kikaratasi nimtumie mtu hela, naangalia namba ni ile ile ya Mtumishi, na mteja mwenyewe ni wa hapa hapa mjini, ina maana wameshafika mpaka huku. Shamba nalo lilianza kusemwasemwa kwamba litolewe, mjomba akasema haliguswi bila ukoo kukaa, yameishia hapo.

Kinachoninyima usingizi ni mtoto wa marehemu dada. Yupo darasa la sita. Alhamisi na Ijumaa haendi shule kwa sababu ni siku za mfungo mkavu, hakuna kula hakuna maji, na watoto nao wanafunga. Mwalimu wake alinipigia simu kwamba Jumatatu kaanguka mstarini, na daftari lake nililiona mwenyewe, kurasa na kurasa hakuna kitu. Mtumishi anawafundisha kwamba dunia imebakiza muda mfupi sana, cheti cha darasa la saba utampelekea nani.

Nikaanza kusoma kwenye simu mambo ya Shakahola kule Kilifi Kenya, na hapo ndo nikachanganyikiwa kabisa. Yule mhubiri wao Mackenzie hakuanza na watu kufa njaa msituni, alianza na shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, na mwaka 2017 alishakamatwa kwa mambo ya watoto kukatazwa shule akaachiwa. Aprili 2023 wakaanza kufukua, miili ikapita 400, na watoto ni wengi mno. Kuna na wale wafuasi wa kikundi cha dini cha Kibwetere kule Kanungu Uganda, Machi 2000, walishauza mali zao kwanza ndo wakateketea kanisani. Najua sio kila kikundi kipya kinaishia huko, makanisa mengi tunayoyaheshimu leo yalianzia uani kwa mtu hivi hivi na watu wakayacheka. Lakini shule na hospitali vikishakatazwa vyote viwili mi naogopa jamani.

Nilivyomwambia mama habari za Shakahola akasema yule alikuwa nabii wa uongo, basi. Nikasema ntaenda serikalini, akanijibu hao hao vigogo wa serikali mwaka 2011 walipanga foleni Samunge kwa Babu wa Loliondo wakanywa kikombe cha dawa yake cha shilingi 500, mbona hawakuitwa wajinga? Nikakosa cha kusema.

Alafu mtego wenyewe ndo huu. Mtumishi ameshawaambia mapema kwamba watoto wenu ndo watakaowapeleka polisi, na anawasomea Mathayo 10, adui za mtu ni wale wa nyumbani mwake. Yani nikienda ustawi wa jamii au dawati la watoto polisi natimiza unabii wake kwa mkono wangu, mama anazama moja kwa moja na dawa ndo hatomeza tena maisha. Nikikaa kimya mtoto anaendelea kushinda na kiu.

Nimewaza hivi, shule zikifunga mwezi wa sita nikamchukue mtoto kwamba anakuja likizo kwangu, akishafika nimtafutie uhamisho asirudi tena, na serikali nisiitaje kabisa. Mke wangu amekubali. Ila mjomba anasema huko ni kumuiba, na mama amebaki na huyo mtoto tu wa kumkumbusha dada, nikimtoa anabaki na Mtumishi peke yake.

Anti, na yeyote aliyewahi kuwa na mzazi kwenye vikundi vya namna hii, mlifanyaje? Kuna mtu alienda ustawi wa jamii wakaja kimya kimya kwa ajili ya mtoto bila mzee kujua nani kasema? Na dawa za presha, kuna aliyefanikiwa kumrudisha mtu kwenye dawa bila kugusa imani yake? Shule zinafunga karibuni, nijibuni mapema.