Spika Sita Kwenye Amplifaya Moja: Umeme Usisingiziwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikimweleza mteja mmoja mmoja mezani kwangu, nalo ni namna tunavyounga amplifaya na spika majumbani mwetu. Mimi ni fundi wa redio hapa Tanga. Amplifaya iliyoungua ikiletwa kwangu, maelezo huwa karibu yale yale: umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaiunguza. Sikatai kwamba umeme unaorudi kwa kishindo huharibu vyombo. Lakini chombo kilichopigwa na umeme wa ukutani kwa kawaida huumia kwanza upande wa pawasaplai, yaani sehemu inayopokea umeme wa ukutani, ilhali nyingi ninazozifungua mimi zimeungua transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, na chanzo chake kimejificha nyuma ya kabati la runinga la mteja mwenyewe.

Mteja mmoja alinirudishia amplifaya ile ile mara ya tatu, nami kwa kuona haya kumtoza tena nikaomba twende wote nyumbani kwake. Nilikuta spika sita: mbili sebuleni, mbili chumbani na mbili barazani, nyaya zake zote zimesokotwa pamoja na kushindiliwa kwenye tundu mbili za nyuma. Kila spika ilikuwa ya omu 8. Amplifaya yenyewe iliandikwa mgongoni, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, kwamba inakubali mzigo wa omu 4 hadi 16.

Omu, ile alama ya duara lililofunguka chini, ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia mkondo wa umeme kupita. Wengi hudhani kwamba spika zikiongezeka kizuizi nacho kinaongezeka. Kumbe zikiungwa sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, kizuizi hupungua, kwa kuwa umeme umeongezewa njia za kupita. Spika mbili za omu 8 zinakuwa omu 4, nne zinakuwa omu 2, na zile sita za mteja wangu zilikuwa zimeshuka hadi omu 1.3. Amplifaya inayotoa volti 20 kwenye spika moja ya omu 8 husukuma ampea 2.5, kazi ambayo inaimudu; volti hizo hizo kwenye omu 1.3 zinadai ampea 15. Amplifaya ya kawaida ya sebuleni haikutengenezwa kubeba hayo, nayo huanza kwa kuchemka, ikafuatia kukwaruza, mwisho ikanyamaza.

Spika zile sikumnyang'anya. Niliziunga mbili mbili kwa mfuatano, hasi ya moja ikiingia kwenye chanya ya mwenziwe, kila jozi ikawa omu 16, kisha jozi tatu nikaziunga sambamba na kupata omu 5.3, ambazo amplifaya inazikubali. Sauti ilipungua kidogo, na mwenye nyumba alinung'unika, lakini tangu hapo sijakiona chombo hicho mezani kwangu. Niongeze kwamba mwenye amplifaya yenye swichi ya A na B asidhani kuwa amepewa amplifaya mbili: nyingi huziunga jozi hizo sambamba zote zikiwashwa, na ndiyo maana mgongoni huandikwa kwamba ukitumia A na B kwa pamoja, kila spika iwe ya omu 8 au zaidi.

Kuhusu wati 5,000 zinazoandikwa kwenye makasha ya sabufa, nitasema neno moja tu: geuza chombo, usome ni wati ngapi kinachota ukutani. Kikiwa kinachota wati 60, hakina mahali pa kuzitoa hizo nyingine.

Nyaya nazo zina mambo yake. Amplifaya izimwe kabisa kabla ya kuguswa, na nyuzi za waya zisokotwe vizuri, kwani uzi mmoja wa shaba ukitoroka kutoka tundu jekundu ukagusa jeusi, unapiga shoti. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kwenye spika zote mbili. Moja ikigeuzwa haiunguzi kitu, ila besi inapotea, na mtu huenda dukani kununua sabufa ambayo hakuihitaji. Spika isiyo na alama hupimwa kwa betri ya volti 1.5: gusisha mara moja, na kama kikombe cha spika kimesogea mbele, basi waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Upande wa kuingiza sauti, kosa ninalolikuta kwa wazee wenzangu waliohifadhi santuri ni kuchomeka deki ya CD kwenye tundu la PHONO kwa sababu tu liko wazi. Tundu hilo ni la mashine ya santuri, ambayo sindano yake hutoa takriban millivolti 5, ilhali deki ya CD hutoa hadi volti 2, yaani mara 400. Lazima sauti ipasuke. Deki hiyo, pamoja na simu, king'amuzi na runinga, viende kwenye tundu la AUX. Zaidi ya hapo, kukitokea mvumo baada ya kuunga king'amuzi, chomoa kwanza waya wa dishi usikilize, kisha jaribu kuchomeka vyombo vyote kwenye soketi moja. Wapo wanaokata waya wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe, na kweli huisha, lakini siku waya wa ndani utakapogusa bati la amplifaya, atakayelishika bati hilo atakuwa yeye ndiye njia ya umeme kwenda ardhini. Hili nimelikuta hata katika nyumba yenye watoto wadogo.

Ombi langu ni kwa waagizaji na wenye maduka. Vyombo hivi huja na vitabu vya Kiingereza na Kichina, na muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja, aliniambia kwamba omu ni mambo ya mafundi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ndani ya kasha ungetosha, ukieleza omu za chini kabisa zinazoruhusiwa, mchoro wa spika mbili na mchoro wa spika nne, na onyo kuhusu waya wa ethi. Mpaka ukurasa huo utakapopatikana, muuzaji angalau amuulize mnunuzi kabla ya kupokea fedha: nyumbani una spika ngapi, na zimeandikwa omu ngapi?

Fundi Redio,
Ngamiani, Tanga.