Usimzime Columbo, shosti

Shosti wangu mambo, za huko na watoto? Meseji yako niliiona jana usiku nikacheka peke yangu mpaka nikaulizwa kuna nini, eti umeangalia Columbo, ile tamthilia ya upelelezi ya Marekani, robo saa ukazima kwa sababu "wameshatuonyesha muuaji, sasa nabaki kuangalia nini". Nimeona meseji haitoshi, hii nakuandikia barua kabisa, na usiruke mistari maana nakujua.

Hicho ulichokikimbia ndo utamu wenyewe. Tamthilia nyingi za upelelezi zinakuficha muuaji mpaka dakika ya mwisho afu wanakutolea mtu ambaye hata jina lake umeshalisahau. Columbo hana hayo mambo. Muuaji unamwona tangu mwanzo anapanga, anaua, anafuta alama za vidole, anajitengenezea ushahidi kwamba alikuwa kwingine, yani ukimwangalia unasema huyu hakamatiki. Afu ndo anaingia Luteni Columbo wa polisi wa Los Angeles, koti la mvua limekunjamana kama lililalwa juu yake, nywele hazijui chanuo, anapapasa mifuko kutafuta kalamu, hana, anaomba aazimwe. Nje kapaki Peugeot 403 iliyochoka, zile 404 na 504 tulizokuwa tunazipanda huku zilikuja baada ya hiyo.

Na angalia anaowakamata. Sio vibaka wa stendi. Ni madaktari bingwa, mawakili, waandishi maarufu, waongoza okestra, watu wa majumba yenye bwawa la kuogelea, wakimwona tu wanajua huyu wa kumpeleka watakavyo. Yeye anawaacha wajue hivyo hivyo. Anawavika kilemba cha ukoka, oh mzee wewe msomi, mimi kichwa changu kizito, hebu nieleweshe hapa, mke wangu atafurahi sana nikimwambia nimeongea na wewe. Na wao kwa kiburi chao wanaanza kumsaidia kupeleleza mauaji waliyoyafanya wenyewe! Huyo mke kila siku anatajwa na hatumwoni hata mara moja. Mwaka 1979 kituo cha tivii kikajaribu kumtengenezea mke tamthilia yake, Peter Falk mwenyewe, aliyemwigiza Columbo, hakuipenda, ikafa haraka na haki yake.

Sasa ile tabia yake ya kuaga, anafika mlangoni, muuaji anashusha pumzi, afu anageuka "samahani, kuna kitu kimoja tu", unajua ilitokea wapi? Waliombuni ni Richard Levinson na William Link, na kabla ya kuwa tamthilia walimwandikia mchezo wa jukwaani. Kuna sehemu wakaona imekuwa fupi mno, ila Columbo ameshatoka, na enzi hizo za taipureta wakaona uvivu kuchapa kurasa upya, basi wakamrudisha tu mlangoni na swali moja zaidi. Uvivu wa watu wawili umewatoa jasho wauaji miaka zaidi ya thelathini.

Ile ya mvinyo ya mwaka 1973 uitafute kwanza. Mwigizaji Donald Pleasence ni bwana anayetengeneza mvinyo, anaupenda kuliko binadamu, kaka yake wa baba mmoja anataka kuliuza shamba, basi anampiga kichwani, anamfunga stoo ya mvinyo, anazima AC na kupanda ndege kwenda New York kwenye mnada. Akirudi mtu ameshakufa kwa kukosa hewa, anamvalisha nguo za kuzamia na kumtupa baharini ionekane alikufa huko. Kumbe hizo siku palipiga joto la kutisha. Columbo anachofanya, anachukua kimya kimya chupa moja kwenye stoo ya bwana yule yule, anamwalika chakula cha jioni, anamwekea mezani. Jamaa anaonja na kuanza kuwafokea wahudumu, huu mvinyo umeungua na joto, huu sio wa kumpa mtu! Afu anaambiwa imetoka kwako, yani stoo ilizimwa AC. Hakuna alama ya kidole wala shahidi aliyemnasa, ni ulimi wake mwenyewe, ule ule aliokuwa anautambia. Mama mkwe nilikuwa namtafsiria, akanikatiza na kuiambia tivii "onja tena baba, onja tena".

Na bado mwishoni wanakaa kwenye ile Peugeot wanakunywa pamoja. Columbo anamheshimu kabisa, yani bila kinyongo, na bado anampeleka ndani.

Falk alikuwa na jicho la bandia, lilitolewa akiwa na miaka mitatu kwa sababu ya kansa, ule mtazamo wake wa upande upande ndo unatokea hapo. Na lile koti lilikuwa la kwake binafsi, hakupewa na mtu wa mavazi.

Sikudanganyi kwamba zote nzuri. Zipo 69 ukihesabu na zile mbili za majaribio, ya kwanza ni ya 1968. Zilizorushwa na kituo cha NBC 1971 mpaka 1978 ndo zenyewe, ingawa zingine zimevutwa vutwa kujaza muda, unaweza kwenda kukaanga mihogo ukarudi jamaa bado anaulizia bei ya viatu. Zile za kituo cha ABC kuanzia 1989 mpaka 2003 mimi naziangalia kwa sababu ya Falk tu, wauaji wenyewe wepesi. Na ki ukweli ushahidi mwingine wakili mzuri angeuchana chana mahakamani, ila hatupelekwi mahakamani, muuaji akishajua kanaswa na stori imeisha.

Kwa hiyo panga hivi: anza na ya mvinyo, afu ile ya 1971 ya waandishi wawili, imeongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, afu ya yule mwimbaji Johnny Cash ya 1974. Ukimaliza hizo tatu na bado unataka kuzima, nipigie tugombane vizuri. Msalimie shemeji, mwambie ile chaja yangu bado naidai.

Shosti wako