Barua ya malalamiko: mkuu wenu wa ulinzi aliniita mchawi jukwaani

Kwa Meneja Mkuu wa Hoteli,
Mombasa.

Mheshimiwa,

KUH: NILIVYOTENDEWA USIKU WA HARAMBEE YA WATOTO WENYE UGONJWA WA DAMU WA SELI MUNDU

Natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima. Nimengoja siku tatu kabla ya kuandika, kwa sababu nililelewa kutojibu nikiwa nimewaka. Hasira haijaisha, lakini mkono umeacha kutetemeka, na hilo linatosha kushika kalamu.

Mimi ndiye mfanya kiinimacho wa Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wenu wa juu unaotazama bahari. Taratibu zenu za kukagua mizigo mnazijua kuliko mimi, na mkataba wa ukumbi mnao nyinyi na kamati. Sitapoteza wino huko. Nataka ujue kilichotokea saa mbili na dakika ishirini usiku.

Nilikuwa nimemaliza mchezo wa vikombe vitatu. Watu walikuwa wamechangamka. Kwenye meza ya mbele mzee mmoja wa kanzu alikuwa bado amekikodolea macho kikombe kilichokuwa mkononi mwake, anakigeuzageuza. Nikaomba noti ya shilingi 1,000. Mama mmoja akatoa yake, akanakili nambari ya noti nyuma ya kadi ya mwaliko, akanipa. Noti ikapotea. Mchezo ule unamalizikia kwenye ndimu: naichukua nzima, naikata mbele ya mwenye noti, na noti yake inatoka humo imelowa maji ya ndimu, nambari ile ile. Kisha mshereheshaji anainadi ndimu. Mwaka jana, katika ukumbi mwingine hapa hapa Mombasa, ndimu moja ilinunuliwa shilingi 40,000, na pesa zote zikaenda kwa watoto. Ndiyo maana kamati huniita. Sidai malipo, hata ya nauli. Jumamosi nilivuka feri ya Likoni na meza yangu begani.

Ndimu sikuigusa. Mkuu wenu wa ulinzi alipanda jukwaani, hakusalimu, akakiinua kitambaa changu chekundu kwa ncha ya rungu, kama mtu anayeinua kitu kilichooza njiani. Akauliza: "Hizi ndimu na hiki kitambaa ni vya nini?" Wageni walicheka. Walidhani naye ni sehemu ya mchezo. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Afisa, ni vifaa vya kazi, vilikaguliwa." Akazungusha uso kwa wageni, kisha kwangu, akasema: "Huyu ni mchawi. Hoteli hii haingizwi uchawi." Kipaza sauti kilikuwa kwenye ukosi wa shati langu, na yeye alikuwa amesimama kifua kwa kifua nami. Maneno yake yalitoka kwenye spika zote sita za ukumbi wenu.

Kicheko kilikatika hapo. Akaishika meza, akaipindua, akavuta kwa nguvu sehemu ambayo haikukusudiwa kuvutwa. Bawaba ikang'oka. Kilichokuwa ndani kikaonekana na watu wapatao mia mbili.

Labda wewe unaona ni meza tu. Ni ya mvule, niliachiwa na mwalimu wangu, na siri yake nimeitunza miaka 19. Mke wangu haijui. Katika kazi hii siri ndiyo mtaji. Magic Circle, chama cha wenzetu wa London kilichoanzishwa mwaka 1905, humfukuza mwanachama anayewatolea watu siri ovyo. Yangu imetolewa na mtu asiye wa kazi, kwa rungu, mbele ya watu walioshika simu.

Na mizigo ilikuwa imekaguliwa! Saa kumi na nusu alasiri, kwenye mlango wa wafanyakazi, kijana wenu wa zamu alifungua sanduku, akahesabu kila kitu mwenyewe: vikombe vitatu, kamba, pete za chuma, vitambaa vinne, mayai mawili, ndimu sita. Akaandika kwenye daftari, nikatia sahihi, naye akatia yake. Alikuwa kijana mwenye adabu, na naomba asije akatolewa kafara kwa ajili ya barua hii. Daftari hilo lipo. Lifungueni mlisome kabla ya kunijibu, msije mkaniambia kwamba mkuu wa ulinzi "alikuwa anafuata utaratibu."

Baada ya pale afisa wenu wa zamu alinitoa kwa mlango wa jikoni, "ili wageni watulie." Aliniambia, "Pole mzee, kula kwanza." Nikaletewa sahani ya pilau nikiwa nimesimama kando ya mapipa, na juu ya pilau pamewekwa vipande viwili vya ndimu. Niliviangalia vipande vile kwa muda mrefu. Kila meza ukumbini ilikuwa na kisahani cha ndimu, na vitambaa vya meza zenu vyote ni vyekundu. Hakuna mpishi wenu aliyeitwa mchawi. Sahani niliirudisha kama ilivyokuja.

Wewe pengine si mtu wa pwani, kwa hiyo niruhusu niseme wazi. Neno hilo hapa kwetu halina mzaha. Kilifi wazee wameuawa kwa neno hilo, wengi kwa sababu ya mvi au shamba linalomezewa mate, na walionusurika wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze, makao ya kuwahifadhi wazee waliotuhumiwa, wanalala ugenini hali nyumba zao zipo. Mama yangu anaishi Kilifi. Ana miaka 74 na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Jumapili asubuhi, kabla sijampigia, jirani yake alikuwa tayari ameiona video. Ni ya sekunde 40 tu. Ndani yake hamna vikombe, hamna harambee, hamna watoto. Kuna mtu wa sare ya hoteli kubwa anasema "huyu ni mchawi," na kuna mimi nimesimama kimya.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu nilipokusimulia mara ya kwanza niliruka jambo. Niliruka kwa kuwa sikuweza kuliandika.

Jukwaani sikuwa peke yangu. Binti yangu ana miaka 11, ndiye msaidizi wangu, alikuwa amesimama kushoto kwa meza na sinia la visu na ndimu. Alikuwa ameshona mwenyewe shanga kwenye kola ya gauni lake, wiki nzima, usiku baada ya masomo. Mkuu wenu alipoinua kitambaa kwa rungu, mtoto alicheka pamoja na wageni. Naye alidhani ni mchezo niliomficha ili nimshtue. Aliposikia "huyu ni mchawi" kwenye spika, akanitazama mimi, si yeye. Alikuwa anangoja nijibu. Sikujibu, Mheshimiwa. Nilikuwa nikifikiri kwamba mimi ni mgeni, kwamba kuna watoto wagonjwa wanaotegemea usiku ule, kwamba nikipaza sauti nitaharibu mchango wote. Na kabla sijamaliza kufikiri, meza ikawa imepinduliwa, bawaba imelia, na yeye amemgeukia mtoto: "Na wewe umeshaanza kufundishwa? Weka sinia chini. Fungua mikono."

Akafungua. Yule mtu akaishika mikono ya binti yangu, akaigeuza mbele na nyuma chini ya taa, akainusa vidole. Inanuka ndimu, bila shaka. Alikuwa amebeba ndimu. Akasema, "Sawa," kama hakimu. Na hilo "sawa" pia likatoka kwenye spika.

Hakuna mlinzi wa kike aliyeitwa. Mimi baba yake sikuombwa idhini. Jumatatu alikataa kwenda madrasa, na nilipomuuliza kwa nini, akanionyesha mikono yake tu, ameifungua hivi.

Nakuomba usiniletee maelezo kwamba mtu wenu ni mcha Mungu na alikwazika. Nami namcha Mungu. Mwaka 1584 huko Uingereza Reginald Scot alikwisha kuandika na kuchapisha jinsi michezo ya vipira, sarafu na kamba inavyofanywa, ili watu waache kusingiziana uchawi na kunyongana. Zaidi ya miaka 400 imepita. Kiinimacho ni mikono, mazoezi na subira. Kila mtu ukumbini alikuwa anajua hivyo mpaka mtu wenu aliposema vingine.

Na yote yale yaliharibika kwa ajili ya nani? Mtoto wa dada yangu ana seli mundu. Anameza haidroksiyurea kila siku, na dawa ikikosekana siku kadhaa maumivu humshika kwenye mifupa hadi analia bila sauti. Ugonjwa huu umejaa huku pwani, kwa sababu malaria imeishi nasi tangu zamani na damu yetu ilijibadili ili kupambana nayo. Usiku ule ulikuwa wa watoto kama yeye. Mweka hazina wa kamati ameniambia kwamba baada ya tukio meza tatu za mbele ziliondoka kabla ya mnada kuanza, na ahadi walizokuwa wametoa mdomoni hazijaingia M-Pesa hadi leo. Yule mama mwenye noti alinifuata hadi kwenye maegesho. Nikamrudishia shilingi 1,000 zake. Alitaka kuniambia jambo, akashindwa, akanishika bega tu.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako, si ya afisa wa zamu, inayosema wazi kwamba mimi si mchawi, kwamba nilialikwa, na kwamba vifaa vyangu vilikuwa vimekaguliwa na kukubaliwa na hoteli. Pili, gharama ya kutengeneza meza, shilingi 18,500. Karatasi ya fundi nimeiambatisha. Tatu, shilingi 40,000 ziingie kwenye mfuko wa watoto, zile ambazo ndimu ile ingezileta. Mimi binafsi sitaki hata senti zaidi ya fundi.

Nimeyasoma tena hayo niliyoandika na naona hayatoshi. Barua ya radhi nitaiweka kabatini, nani ataiona? Neno lilisemwa hadharani, na lirudishwe hadharani. Kwa hiyo naongeza: radhi hiyo isomwe kwa video, na mkuu wa ulinzi mwenyewe, akiwa na sare ile ile, katika ukumbi ule ule, na muiweke kwenye kurasa zenu ambako huweka picha za harusi na bwawa la kuogelea. Aseme maneno "nilimsingizia." Na amtaje binti yangu kama "mtoto niliyemkosea," bila jina lake. Video ile ya sekunde 40 inatembea. Hii nayo itembee, ifike Kilifi kwa jirani wa mama yangu.

Msipofanya hivyo, nitakwenda mbele. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, iliyopo tangu enzi za mkoloni, kifungu chake cha 6 kinasema kwamba kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi, mbali na kumpelekea malalamiko polisi, chifu au mwenye mamlaka, ni kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miaka 5. Wageni wenu wa harambee si polisi wala chifu. Katiba nayo, Ibara ya 28, inalinda heshima yangu ya utu, na Ibara ya 31 inamlinda mtu na mali yake dhidi ya kupekuliwa ovyo. Kuhusu gharama, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai hadi shilingi milioni moja na sihitaji wakili kufika huko. Mashahidi ninao, na nusu yao walikuwa wanarekodi.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa siku 14. Lakini wakati naandika aya iliyopita binti yangu amepita hapa mezani, ameziona ndimu kwenye kikapu cha mke wangu, akazunguka upande wa pili ili asizikaribie. Nawapa siku 7, kuanzia siku mtakayogonga muhuri wa kupokea barua hii. Siku ya nane asubuhi nitakuwa kituo cha polisi na nakala ya video na meza yangu kama ilivyo, bawaba ikining'inia, na nakala ya daftari lenu nitaomba itolewe kwa amri ya mahakama. Nakala ya barua hii nampa pia mwenyekiti wa kamati ya harambee, ambaye ameniambia kwamba mkutano wao wa mwaka ujao hautafanyika kwenu hadi jambo hili liishe.

Nambari yangu ya simu iko kwenye fomu ya wasanii niliyojaza kwenu. Nipigieni mchana. Usiku niko na mtoto, namfundisha upya kupoteza sarafu kwa mkono wa kushoto, na jana alikubali kujaribu mara mbili.

Wako kwa heshima,

Mfanya kiinimacho wa usiku wa harambee,
Likoni, Mombasa.

Viambatisho: karatasi ya fundi, kadi ya mwaliko yenye nambari ya noti, niliyopewa na mwenye noti.