Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Tuandikie Sababu ya Kuizima Video Yetu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima, na nakuandikia hadharani kwa kuwa barua nilizoleta ofisini kwako zilipokewa, zikagongwa muhuri, kisha zikanyamaziwa. Ijumaa iliyopita maafisa waliosema wametumwa nawe waliingia katika ukumbi mmoja wa Eastlands tulimokuwa tukionyesha video yetu ya muziki ya katuni, wakazima mitambo wimbo ukiwa katikati na kuondoka na projekta ambayo tulikuwa tumeikodi. Mwenye projekta ananidai, nami sina cha kumlipa.

Video hiyo inahusu vita vya Sudan, vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 jeshi la taifa na wapiganaji wa RSF, kikosi cha wanamgambo, walipogeuziana bunduki. Tumewachora majenerali wawili waking'ang'ania kiti kimoja huku mji ukiteketea chini yao, kisha wajumbe wa mmoja wao wakilakiwa katika jumba ambalo mkazi yeyote wa Nairobi atalitambua. Jambo hilo hatukulizua. Februari 2025 RSF na washirika wake walikutana KICC, jumba la mikutano la hapa Nairobi, na siku chache baadaye wakatia saini papa hapa jijini mkataba wa kuunda serikali yao. Nashuku kwamba onyesho hilo ndilo lililowaudhi wakubwa, maana afisa mmoja alitamka, kwa mdomo tu, kwamba tunawavunjia heshima wageni wa nchi. Je, wakimbizi wa Kisudani wanaoishi nasi mitaani si wageni wa nchi?

Msichana aliyetuimbia ni mmoja wao. Hakutaka uso wake uonekane, kwa sababu jamaa zake bado wako Darfur, magharibi mwa Sudan, na katuni ndiyo iliyompa sura ya kusemea. Katuni pia ilituwezesha kuonyesha mauaji bila kuanika maiti ya mtoto wa mtu. Kila sekunde ilihitaji michoro 12, na kwa wimbo wa dakika nne hiyo ni michoro 2,880, ambayo tuliichora usiku kwa kuwa mchana tunachora matangazo ya watu ili tulipe kodi ya nyumba.

Wala kejeli ya namna hii haikuanza nasi. Mwaka 2002, kabla Marekani na Uingereza hazijaivamia Iraq, mwimbaji George Michael alitoa video ya katuni iliyowakejeli viongozi wao, Bush na Blair, na mwaka 2004 mwanarap Eminem akatoa yake ya kupinga vita hivyo muda mfupi kabla ya uchaguzi wa Marekani. Hapa kwetu, kuanzia 2009, vikaragosi vya XYZ Show viliwakejeli viongozi wetu wenyewe kwenye televisheni, na nchi haikuporomoka.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda ubunifu wa kisanaa, na katika mambo machache yasiyolindwa, la kwanza kutajwa ni propaganda ya vita. Sisi tunawasihi watu waache kuuana, Mheshimiwa. Imekuwaje wimbo wa kupinga vita ndio uzimwe?

Mwaka jana ulisimama mbele yetu wasanii ukaahidi kwamba hakuna kazi itakayozuiwa kabla mwenyewe hajaelezwa kosa lake. Tulikupigia makofi, nami nilikuwa miongoni mwa waliosimama. Kifungu cha 47 kinaifanya ahadi hiyo kuwa haki yetu, kwani mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ya umma anastahili kupewa sababu kwa maandishi.

Projekta irudishwe, maana si mali yangu na deni linakua. Lakini hata kabla ya projekta, naomba sababu. Sikulazimishi uipende video yetu. Naomba karatasi moja yenye sahihi yako, inayotaja ni mchoro upi uliovunja sheria ipi. Nitafika ofisini kwako Jumatatu asubuhi kuichukua.

Wako kwa heshima,
Mchoraji wa katuni, Nairobi